Turbini ya mvuke kwa projekti ya shule: kopo linalojizungusha, feni ya bati au presha kuka ya kuwasha taa?

Maonyesho ya sayansi yakikaribia tu, hapa Mwanga, Kigoma, naanza kufuatwa na vijana wa sekondari wameshika makopo, na swali lao karibu wote ni hilo hilo, "kaka nataka kutengeneza turbini ya mvuke, ipi nzuri?" Na mimi kila mara nauliza kwanza, unataka ikusaidie kuelezea nini? Maana zipo aina tatu za turbini, yaani mashine inayozungushwa na mvuke, ambazo mwanafunzi wa huku anaweza kuzitengeneza kwa vitu vya sokoni, zote zinakula maji na moto na zote zinazunguka, ila kila moja inajibu swali lake. Kijana akichagua kwa kuangalia tu ipi inavutia macho, anafika mbele ya meza anaulizwa "kwa nini inazunguka?" anabaki anaangalia chini, na inauma kwa sababu kazi ameifanya kweli.

Kwahiyo hapa naziweka zote tatu, moja moja, kwa vigezo vile vile. Vigezo vyenyewe ni hivi: vifaa vinapatikana na vinagharimu kiasi gani, usalama, inachukua muda gani kutengeneza na je siku yenyewe itawaka au itakuaibisha, inafundisha nini na unaweza kupima nini, mwisho inamfaa nani. Usalama nimeutaja wa pili lakini kwangu ndo wa kwanza, ukikwama hapo acha kabisa, hakuna cheti cha thamani ya jicho.

Kabla ya kuchagua jua haya

Maji lita moja yakigeuka mvuke yanachukua nafasi ya kama lita 1,600 na zaidi, huo utanuzi ndo nguvu yote tunayoitafuta, na huo huo ndo unapasua kopo lililozibwa. Sasa sheria moja ya zote tatu, mvuke lazima uwe na njia ya kutokea muda wote. Usizibe, usikaze mfuniko kwa solda, usipunguze tundu likawa dogo kuliko milimita 1 ukidhani unaongeza spidi. Kuna kijana mmoja alibandika gundi kwenye tundu ili "presha ijae kwanza", kizibo kikaruka mpaka kwenye dari, na tulishukuru Mungu kwamba alikuwa amegeukia dirishani.

Na mvuke unaunguza kuliko maji ya moto, watu hawaamini hilo mpaka yawakute. Sababu yake ni kwamba kilo moja ya maji yanayochemka inadai kilojuli 2,257 nyingine ili iwe mvuke, na mvuke ukigusa ngozi yako ukarudi kuwa maji, joto lote hilo linaachiwa hapo hapo kwenye mkono. Ukiungua weka maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno ibaki ya meno. Vaa miwani ya mafundi, na usiinamie nozeli (lile tundu linalotoa mvuke) kuchungulia "mbona haitoi", unachungulia tu ndo inatoa.

Kingine, hapa kwetu maji hayachemki kwa nyuzi 100. Ziwa Tanganyika lipo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo Kigoma mjini themomita yako itasoma kama 97, na Tabora waliopo karibu mita 1,200 watasoma 96 hivi. Wengi wanadhani themomita mbovu, wanaandika 100 kwenye ripoti kwa kuogopa. Andika ulichosoma alafu eleza kwa nini, hiyo ni alama yako ya bure.

1. Kopo la soda linalojizungusha

Hii ndo babu yao wote. Hero wa Alexandria kule Misri aliielezea karne ya kwanza baada ya Kristo, mpira wa shaba wenye vimirija viwili vilivyopinda, mvuke unatoka huku mpira unazunguka kinyume. Yetu ni kopo la soda.

Vifaa: kopo la soda ambalo halijafunguliwa, msumari mwembamba, bomba la sindano jipya, waya, mshumaa au taa ya spiriti. Unatoboa matundu mawili ubavuni kwa juu, yanayotazamana, na kabla hujautoa msumari unaulaza pembeni ili tundu liangalie upande mmoja, yote mawili yalale kwa kufuata mzunguko mmoja, ukikosea moja likaangalia kushoto na lingine kulia zinauana nguvu na kopo halitikisiki. Unamwaga soda, unaingiza maji vijiko vitatu kwa bomba la sindano, unalining'iniza kwa kile kipete cha kufungulia. Kuning'iniza ndo penye siri. Uzi wa kawaida unajisokota, kopo linazunguka kidogo linarudi. Sisi wa Kigoma tuna bahati, nenda maduka ya zana za uvuvi uombe kile kichuma kidogo chenye pete mbili kinachozuia mshipi usijisokote, ukikifunga hapo katikati kopo linazunguka bila kurudi. Ila karibu na moto tumia waya, nailoni inayeyuka.

Usalama: ndo tulivu kuliko zote, matundu mawili yako wazi muda wote na maji ni kidogo. Hatari yake ni kopo kukauka. Aluminiamu inayeyuka kwa nyuzi 660 na mkaa uliopepewa vizuri unaweza kupita hapo, kwahiyo kopo la soda na jiko la mkaa haviendani, tumia mshumaa mitatu minne au spiriti. Na spiriti mchana moto wake hauonekani vizuri, usiongezee mafuta kwenye taa ukidhani imezima.

Muda: unaitengeneza mchana mmoja, na kwa spiriti nzuri inazunguka kama dakika kumi. Hapo ndo udhaifu wake, majaji wakichelewa kufika mezani kwako wanakuta kopo limelala. Beba makopo matatu yaliyotobolewa tayari.

Inafundisha nini: sheria ya tatu ya Newton, safi kabisa, bila kuchanganya na kitu kingine. Hakuna panga, hakuna kitu kinachosukumwa na mvuke, kopo lenyewe linausukuma mvuke nyuma na mvuke unalisukuma kopo mbele. Na inapimika vizuri kushinda watu wanavyodhani. Chora mstari mweusi kwenye kopo, rekodi video kwa simu, simu nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde, hesabu picha ngapi mpaka mstari urudi. Ukikuta picha 10 basi ni mizunguko 3 kwa sekunde, yaani 180 kwa dakika. Badilisha idadi ya mishumaa, au ukubwa wa tundu, chora grafu, umemaliza.

Inamfaa: kidato cha kwanza na cha pili, mwenye hela ya soda tu, na yule ambaye anataka projekti ya kupima zaidi kuliko ya kuonyesha. Haimfai anayetaka umeme, sijawahi kuona mtu akafunga mota hapo ikawa na maana.

2. Kopo na feni ya bati

Hapa kopo linatulia, mvuke unatoka kwa nozeli moja unapiga mapanga ya gurudumu. Giovanni Branca wa Italia alichapisha mchoro wa mashine ya namna hii mwaka 1629, na miaka ya 1880 Gustaf de Laval wa Sweden akaifanya kuwa mashine ya kweli inayokwenda mizunguko 30,000 kwa dakika.

Vifaa: kopo la bati la maziwa ya maji, lile dogo ambalo tunalitoboa matundu mawili tu kumwaga maziwa, bati jembamba la kukata gurudumu, spoki ya baiskeli ya kuwa ekseli ya gurudumu, mkasi wa bati, koleo. Tundu moja unaliacha la milimita moja na nusu ndo nozeli, la pili la kujazia maji unaliziba kwa kizibo cha mti kilichosukumwa kwa kidole tu. Narudia, kwa kidole tu, usigonge kwa nyundo, kwa sababu hicho kizibo ndo valvu yako ya usalama, nozeli ikiziba na uchafu kinaruka chenyewe. Kizibo kielekee upande ambao hakuna mtu.

Gurudumu kata duara la sentimita 8, chora mistari 12 au 16, kata mpaka karibu na katikati, pinda kila panga. Hapa vijana wanapoteza wiki nzima. Tatizo karibu kila mara sio mvuke, ni balansi na msuguano. Lizungushe kwa kidole, kama kila mara linasimama upande ule ule basi upande huo ni mzito, punguza bati kidogo kidogo. Puliza kwa mdomo kwanza, kama pumzi yako haiwezi kulizungusha basi na mvuke wa kopo hautaliweza, usiwashe moto bado. Spoki ina unene wa milimita 2, toboa mashimo makubwa kidogo ya kuikalisha na weka tone la oili ya cherehani. Nozeli iwe karibu na panga, milimita tano mpaka kumi, ukiiweka mbali mvuke unapoa na kutawanyika njiani, unalowesha meza tu.

Usalama: wa kati. Bati la chuma linavumilia mkaa vizuri, lakini mvuke unaruka mbele kwa nguvu, na kingo za bati zinakata kama wembe, zipige msasa. Moto uwe wa wastani. Usitumie kopo la dawa ya mbu wala la pafyumu hata likiwa tupu, hayo yanalipuka motoni.

Muda na uhakika: jipe wiki mbili, jioni jioni. Ikishakubali inakuwa ya kuaminika, ukilijaza maji robo tatu kwenye jiko la mkaa linapiga dakika kumi na tano hivi, inategemea na moto.

Inafundisha nini: hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu watu wanaipita juu juu. Nimewahi kupiga hesabu, presha ikiwa ndogo tu, sehemu ya kumi ya presha ya hewa, mvuke unatoka kwenye nozeli kwa kama mita 180 kwa sekunde. Gurudumu la namna hii linakula nguvu nyingi zaidi pale panga linapokwenda nusu ya spidi ya mvuke, yaani mita 90 kwa sekunde, na kwa gurudumu la sentimita 8 hiyo ni mizunguko zaidi ya 21,000 kwa dakika! Letu halifiki huko hata robo, kwahiyo nguvu nyingi inapita bure inakwenda zake. Ndo tatizo alilokutana nalo de Laval, mashine yake ilikuwa inakwenda kasi mno mpaka inahitaji gia. Naye Charles Parsons wa Uingereza mwaka 1884 alikuja na wazo la kugawa kazi, badala ya mvuke kushuka presha yote kwa mpigo mmoja unapita kwenye safu nyingi za mapanga, kila safu inakula kidogo. Ya kwanza yake ilizunguka 18,000 kwa dakika na kutoa kilowati 7.5. Mwanafunzi wa feni ya bati akiweza kueleza hiyo hadithi huku anaonyesha feni yake, ameelewa turbini.

Na unaweza kupima vitu vingi, mapanga 8 dhidi ya 16, pembe ya panga, umbali wa nozeli. Ndo yenye maswali mengi ya utafiti kuliko zote.

Inamfaa: anayependa kazi ya mikono na mwenye subira, mwenye fundi bati mtaani wa kumwazima mkasi. Haimfai mwenye siku tatu.

3. Presha kuka, feni na taa

Ndo wengi wanaitaka maana taa ikiwaka watu wanajaa mezani. Ni feni ile ile ya namba mbili, ila mvuke unatoka kwenye sufuria la presha na ekseli imeunganishwa na mota ndogo inayogeuka kuwa jenereta.

Vifaa: presha kuka ya kuazima nyumbani (omba ruhusa jamani, wamama wanajua bei yake), kipande cha bomba la shaba kutoka kwa fundi friji, mpira wa gari unaohimili joto, mota, taa nyekundu ya LED. Unatoa kile kizito cha juu, pale mvuke unapotokea unaunganisha mpira na bomba. Tundu la mwisho lisipungue milimita 2. Ukifanya hivyo presha haipandi, sufuria linakuwa kama birika lisilovuja, na hivyo ndivyo ninavyotaka iwe. Ile valvu ya usalama ya kwenye mfuniko usiiguse kabisa, na maji yasizidi nusu.

Mota hapa ndo wengi wanakwama na wanalaumu mvuke. Mota ya radio kaseti mara nyingi ina kisakiti cha ndani cha kuituliza spidi, ukiizungusha haitoi umeme wa maana. Chukua mota ya kusukuma trei ya DVD deki iliyokufa au ya printa. Izungushe kwa vidole huku testa ya kupimia volti imeshika waya, ikikupa hata nusu volti kwa vidole ni nzuri. Dainamo ya baiskeli nayo ni nzito mno, feni ya bati haiiwezi. Taa chagua nyekundu, inataka kama volti 2, nyeupe inataka karibu 3. Na ikigoma geuza nyaya, LED ina upande.

Usalama: hii ndo ya kuogopa, sio kwa sababu itapasuka ukifuata niliyosema, ila kwa sababu ina maji mengi yanayochemka juu ya moto mezani na watu wanasogea. Mwalimu awepo, sio awepo shuleni, awepo mezani. Weka kamba au benchi ili wadogo wasikaribie. Ukimaliza zima moto, subiri ipoe, ndo ufungue.

Muda na uhakika: wiki tatu mpaka mwezi, vitu vingi vya kuunganishwa, kimoja kikigoma vyote vimegoma. Lakini ikishawaka ndo inayodumu kuliko zote, moto unaoingiza wati 500 kwenye maji unakula maji kama gramu 13 kwa dakika, lita moja inakupa zaidi ya saa nzima. Kwa maonyesho marefu hilo ni jambo kubwa.

Inafundisha nini: safari nzima ya nishati, joto, mwendo, umeme. Hapo hapo inafundisha hasara. LED inakula kama wati 0.04, moto unaingiza wati 500, gawanya mwenyewe, ni chini ya asilimia 0.01. Usiifiche hiyo namba, itaje wewe kabla hujaulizwa, alafu sema zinakopotelea, mvuke unaopita pembeni ya panga, msuguano, joto la bomba. Mitambo mikubwa ya mvuke inafika asilimia 35 na zaidi, na kwetu Tanzania turbini za mvuke zipo, Kinyerezi II pale Dar inatumia joto linalobaki kwenye turbini za gesi kuchemsha maji na kuzungusha turbini ya mvuke, na viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa.

Inamfaa: kikundi cha watu watatu wanne wa kidato cha tatu na nne, wenye mwalimu wa fizikia anayekubali kusimama nao. Mmoja peke yake itamchosha.

Kuna wanaoniuliza ya CD zilizopangwa pamoja, ile isiyo na mapanga ambayo wazo lake Nikola Tesla alipewa hataza mwaka 1913. Ni nzuri sana ila kwa upepo wa pampu ya fundi tairi, mvuke unalegeza gundi na vipande vya plastiki ndani, diski zinaanza kusuguana. Kama unaipenda ifanye ya upepo, usiiite ya mvuke.

Swali la MV Liemba

Ukiwa Kigoma lazima mtu mzima mmoja atakuuliza, "hiyo ndo kama ya Liemba?" Jibu ni hapana. Ile meli ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, reli ilikuwa imefika Kigoma 1914, ikaunganishwa hapa ikaingia majini 1915. Ilikuwa ya mvuke kweli, lakini injini zake zilikuwa za pistoni, mvuke unasukuma kitu kwenda na kurudi, baadaye sana ndo ikawekewa dizeli. Treni za mvuke zilizokuwa zinapita Tabora nazo hivyo hivyo, pistoni. Turbini haina kwenda na kurudi, inazunguka moja kwa moja. Ukimjibu mzee hivyo kwa heshima, "shikamoo babu, ile ilikuwa ya pistoni, hii ya kwangu inazunguka moja kwa moja", utaona anavyokaa kusikiliza.

Sasa wewe uko wapi

Kama uko peke yako na bajeti ni ya soda, chukua namba moja, tumia muda uliobaki kupima na kuchora grafu, namba zako ndo zitakubeba.

Kama unapenda kukata bati na una wiki mbili, na mwalimu anasisitiza swali la utafiti, namba mbili.

Kama mko kikundi, mna mwezi, mwalimu yupo na mnataka kuongelea umeme, namba tatu, lakini tengenezeni feni ya namba mbili kwanza mpaka izunguke vizuri ndo mfunge mota. Mkifeli kwenye mota bado mna projekti kamili mkononi.

Kama shule hairuhusu moto wa mkaa ndani ya darasa, uliza mapema, zingine zinakubali mshumaa tu, hapo namba moja inabaki peke yake, au omba meza ya nje upande ambao upepo hauvumi, maana upepo wa ziwani mchana unazima mishumaa na kupoza kopo, kinga kwa bati tatu za kusimamisha.

Walio Tabora ambao kichuma cha wavuvi hakipo karibu, chukueni gololi moja ndogo ya baiskeli, ikalie kwenye kikombe cha bati na ncha ya waya izunguke juu yake, inafanya kazi.

Na kama zimebaki siku mbili, usiguse presha kuka. Nunua soda nne leo jioni, toboa mbili, nyingine ziweke akiba, na kesho asubuhi ujaribu na mshumaa nje ya jiko mama akiwepo.